Siku ya Nne ya Mgeni: Uhakiki wa Dhana ya Kujitegemea kutoka kwa Nyerere hadi Nakivale

Ikisiri

Makala hii inahakiki safari ya neno kujitegemea katika maandiko ya wanafikra wa uchumi wa vizazi viwili: Julius Nyerere, Mahmood Mamdani, na Alexander Betts pamoja na wenzake. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale na mji wa Mbarara, kusini-magharibi mwa Uganda, yanatumika kama mahali pa kuyapimia maandiko hayo. Makala inadai kwamba neno hilo lilipotoka katika siasa ya taifa na kuingia katika sera ya wakimbizi, lilibadilisha mtenda wake: kutoka nafsi ya wingi hadi nafsi ya umoja. Mabadiliko hayo ya kisarufi yana uzito wa kiuchumi, kwa kuwa yanaamua nani abebe gharama ya ukimbizi. Makala inahitimisha kwamba ushahidi uliokusanywa Nakivale unaeleza vizuri zaidi hali ya kutegemeana, na kwamba hali hiyo haiwezi kudumu pasipo kujibu swali la uraia.

1.0 Utangulizi

Methali isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya uvivu. Mwalimu huieleza kwa sentensi moja, kisha huendelea na methali nyingine. Hata hivyo, ni methali chache za Kiswahili zilizowahi kubebeshwa nadharia ya uchumi kama hii. Mwaka 1962 Nyerere aliitumia katika insha yake kuhusu ujamaa ili kuonyesha kwamba katika jamii ya Kiafrika ya jadi hapakuwa na nafasi ya mtu wa kuishi kwa jasho la mwenzake. Ukarimu ulikuwepo, lakini ukarimu huo ulikwenda sambamba na kazi.

Ukiingia Nakivale leo, unaikuta methali hiyo imegeuzwa kuwa utaratibu wa kiserikali. Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya kwao, karibu na ziwa lenye jina hilohilo, katika eneo ambalo sasa ni wilaya ya Isingiro, si mbali na mpaka wa Tanzania. Baadaye wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Mgeni anapokelewa, anaandikishwa, anapewa chakula cha kuanzia, kisha anapewa kiwanja cha kujenga na, panapokuwa na ardhi, kipande cha kulima. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa pia haki ya kufanya kazi na uhuru wa kutembea. Kwa kipimo cha dunia ya leo, huu ni ukarimu mkubwa.

Lakini methali inataja mgeni, siku na jembe. Haitaji shamba. Haisemi ardhi ni ya nani, mavuno ni ya nani, wala haisemi huyo mgeni ataitwaje siku ya nne. Maswali hayo matatu ndiyo yanayoongoza uhakiki huu.

2.0 Nyerere: jembe katika nafsi ya wingi

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Makerere miaka ya 1943 hadi 1945, kisha Edinburgh, ambako historia na uchumi vilikuwa miongoni mwa masomo yake. Hakuwa mchumi wa kitaaluma aliyejenga mifumo ya hesabu. Alikuwa mwalimu aliyeamini kwamba uchumi wa watu unapaswa kusemwa kwa lugha ya watu hao. Kwa sababu hiyo, nadharia yake haiwezi kutenganishwa na Kiswahili chake.

Katika insha ya 1962, jembe lina masharti mawili. Kwanza, ardhi si mali ya mtu binafsi. Mtu ana haki ya kuitumia kwa kuwa yeye ni sehemu ya jamii. Pili, mgeni haoni jembe kuwa adhabu. Nyerere anadokeza kwamba mgeni mwenyewe huenda akaliomba kabla hajapewa, kwa kuwa anajua adabu ya mahali alipofika. Kwa hiyo kumpa mgeni jembe ni kumwingiza katika ushirika. Anayepokea jembe anapokea pia haki ya kuwa mmoja wao.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihamisha wazo hili kutoka kijijini hadi kwenye taifa. Hapa ndipo neno kujitegemea lilipopata uzito wake wa kisiasa. Kisarufi, kiambishi -ji- humrudishia mtenda tendo lake mwenyewe, lakini -ji- peke yake hakisemi mtenda huyo ni nani. Kazi hiyo hufanywa na kiambishi nafsi kinachokitangulia. Katika Azimio, sauti inayosikika zaidi ni ya nafsi ya kwanza wingi: sisi tulionyonywa, sisi tunaopaswa kujitegemea. Anayejitegemea ni taifa mbele ya mataifa yenye fedha, wala si kaya moja mbele ya majirani zake. Ndani ya taifa hilo, watu wanatarajiwa kutegemeana. Azimio linataja mahitaji manne ya maendeleo, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Fedha haimo katika orodha hiyo.

Uhakiki wa haki haupaswi kuishia katika sifa. Nafsi ya wingi inaweza pia kuwa kichaka cha kujifichia. Kati ya mwaka 1973 na 1976, katika Operesheni Vijiji, mamilioni ya wakulima walihamishiwa katika vijiji vilivyopangwa, wengi wao bila hiari. Huko, "sisi" ilitamkwa na afisa kwa niaba ya watu ambao hawakuulizwa. Jembe walilopewa halikuwa lile la mgeni anayeliomba mwenyewe. Kijiji kilichopimwa kwa kamba na makazi ya wakimbizi yaliyopimwa kwa kamba vinafanana kuliko wapenzi wa Mwalimu wanavyopenda kukiri.

Pamoja na hayo, kuna tofauti moja ambayo haifai kupuuzwa. Nyerere alilijibu swali la siku ya nne. Mwaka 1980 serikali yake ilifungua njia ya uraia kwa wakimbizi wa Kinyarwanda zaidi ya 30,000, na mwaka 1983 alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Kwa mantiki ya insha ya 1962, hatua hiyo ilikuwa ya lazima. Ikiwa jembe linamwingiza mtu katika jamii, basi jamii haina budi kumtambua aliyelima.

3.0 Kutoka tu- hadi a-: neno linafika katika sera ya wakimbizi

Mwaka 1999, mwaka uleule Nyerere alipofariki, serikali ya Uganda na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi (UNHCR) zilizindua mkakati ulioitwa wa kujitegemea, ukiwalenga kwanza wakimbizi wa Sudani waliokuwa kaskazini-magharibi mwa nchi. Haidaiwi hapa kwamba waandishi wa mkakati huo walimnukuu Mwalimu. Waliandika kwa Kiingereza, na walikuwa na sababu zao za kibajeti na kiutawala. Lakini mkakati wa namna hiyo unapofika kwa mkimbizi wa Kikongo au Kirundi kupitia Kiswahili, unafika ukiwa umevaa vazi la Arusha. Neno ni lilelile, na heshima yake ni ileile. Kilichobadilika ni kiambishi nafsi.

Katika sera hii anayepaswa kujitegemea ni mkimbizi, au kaya yake. Tu- imekuwa a-. Badiliko hili la silabi moja linageuza maana ya kiuchumi juu chini. Katika Azimio, kujitegemea kulikuwa kauli ya mnyonge kwa mwenye nguvu: hatutaki fedha zenu zitutawale. Katika sera ya wakimbizi, inaelekea kuwa kauli ya mwenye nguvu kwa mnyonge: fedha zetu zinakwisha, jitegemee. Neno lililozaliwa kama dai limepokelewa kama agizo.

Athari yake ilionekana wazi mwaka 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kuwapanga wakimbizi wa Uganda katika makundi ya uhitaji, badala ya kuwapa wote mgao ulio sawa. Fedha za wafadhili zilikuwa zimepungua, na shirika lililazimika kuchagua. Kaya zilizohesabiwa kuwa zinaweza kujitegemea ziliondolewa katika mgao. Katika utaratibu huo, kujitegemea hakukuwa tena hatua ya maendeleo ambayo mtu huifikia na kuifurahia. Kulikuwa sababu ya jina kufutwa katika orodha. Mtafiti wa lugha ana wajibu wa kuuliza: neno likishakuwa na adhabu ndani yake, nani atapenda kuitwa kwa neno hilo?

Tukirudi kwenye yale mahitaji manne, Nakivale ina watu. Ina ardhi pia, takribani kilomita za mraba 185, lakini kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo vipande vya kulima vinavyopungua, na wenyeji wa Isingiro wanaitazama ardhi hiyohiyo kwa ajili ya migomba na ng'ombe wao. Siasa safi na uongozi bora vimo mikononi mwa watu ambao mkimbizi hawapigii kura. Kumtaka mtu ajitegemee kwa vitu viwili kati ya vinne, na hivyo viwili si vyake, ni kumdai mavuno bila kumpa shamba.

4.0 Bepari na mjasiriamali: Mamdani na somo la Mbarara

Mahmood Mamdani alizaliwa Mumbai mwaka 1946 katika familia yenye asili ya Kigujarati, akakulia Kampala. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 za kuondoka Uganda, Mamdani naye aliondoka, akaishi katika kambi ya wakimbizi jijini London, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu juu ya safari hiyo ya kutoka uraia hadi ukimbizi. Kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako aliandika uchambuzi wake wa matabaka ya Uganda uliochapishwa mwaka 1976. Ni mwanafikra aliyejifunza kwa mwili wake kwamba duka si uraia.

Kiswahili chenyewe kinasimulia sehemu ya kisa hicho. Neno bepari linatokana na neno la Kigujarati lenye maana ya mfanyabiashara. Waliolileta walikuwa wakijitaja wenyewe na kazi yao, bila lawama yoyote. Kufikia mwaka 1969, Nyerere alipochapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kwa jina Mabepari wa Venisi, mfanyabiashara wa Venisi alikuwa amegeuka mnyonyaji tangu kwenye jalada. Tafsiri hiyo inasifiwa, kwa haki, kwa ufundi wake. Lakini jina lake linaonyesha jinsi msamiati unavyoweza kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Nyerere mwenyewe alimlaani Amin waziwazi kwa kuwafukuza Waasia. Hata hivyo, neno lilikuwa limekwisha kufanya kazi yake katika eneo zima: mwenye duka alikuwa mgeni, na mgeni alikuwa bepari. Waasia wenye maduka katika miji ya Uganda, Mbarara ikiwa mmojawapo, walikuwa wakijitegemea kwa kila kipimo cha uchumi. Hilo halikuwaokoa.

Somo hilo lilirudiwa Mbarara miaka kumi baadaye, safari hii kwa wafugaji. Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati huo, viongozi wa mitaa na vijana wa chama tawala waliwafukuza makumi ya maelfu ya Wanyarwanda, wakimbizi na raia bila kutofautishwa, na ng'ombe wengi wakaporwa. Baadhi walikimbilia Rwanda, wengine wakarudishwa katika makazi kama Nakivale, walikokuwa wamekwisha kutoka. Katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu mauaji ya kimbari ya Rwanda, Mamdani anaunganisha tukio hilo na uamuzi wa vijana wengi wa Kinyarwanda kujiunga na jeshi la NRA, na hatimaye na uvamizi wa RPF nchini Rwanda mwaka 1990. Mali yao haikuwahakikishia mahali. Walipokosa mahali, wakaenda kupigania mahali pengine.

Msomaji alinganishe miaka hiyo miwili. Upande wa kusini wa mto Kagera, mwaka 1980, Wanyarwanda wanafunguliwa njia ya uraia. Upande wa kaskazini, mwaka 1982, wanachomewa nyumba. Pande zote mbili walikuwa wamepewa jembe na walikuwa wamelitumia. Tofauti ilikuwa katika siku ya nne.

5.0 Betts na wenzake: ushahidi unaozidi istilahi yake

Alexander Betts wa Chuo Kikuu cha Oxford aliongoza utafiti uliofanyika Nakivale, Kyangwali na Kampala, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2014 na kitabu mwaka 2017. Mwaka huohuo wa 2017, yeye na mchumi Paul Collier walichapisha kitabu kinachotaka mfumo wa dunia wa wakimbizi uachane na kambi za misaada na kuelekea ajira na uhuru wa kiuchumi. Collier, ambaye babu yake alihamia Uingereza kutoka Ujerumani, alikwishajulikana kwa kitabu chake cha 2007 kuhusu nchi maskini zaidi duniani.

Sifa ya kazi ya Betts na wenzake ni kwamba walimwangalia mkimbizi kama mtu anayenunua, kuuza, kukopa na kuajiri. Waliwashirikisha wakimbizi wenyewe katika kukusanya taarifa. Walionyesha kwamba Kampala asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja mwingine, na kwamba asilimia 40 ya waajiriwa hao walikuwa raia wa Uganda. Kwa kauli hiyo, walivunja picha ya mkimbizi anayenyoosha kikombe. Aliyeitwa bepari mwaka 1972 anaitwa mjasiriamali katika maandiko ya karne hii. Ni badiliko la heshima.

Lakini ushahidi wao unasema zaidi ya istilahi inayotumika kuufupisha. Tazama minyororo waliyoifuatilia. Samaki jodari wa makopo, walioagizwa kutoka ng'ambo, wanapita mikononi mwa wauzaji wa jumla wa Kisomali wa Kampala hadi kwenye maduka ya Wasomali wa Nakivale. Mahindi ya mkulima mkimbizi yananunuliwa na mfanyabiashara wa Uganda anayeyapeleka katika soko kubwa zaidi. Vitenge vya muuzaji wa Kikongo vinamfikia mnunuzi asiyejua Kifaransa wala Kinyankole, na bei inapatanishwa kwa Kiswahili. Katika mnyororo mzima hakuna hata mmoja anayejitegemea. Wote wanategemeana.

Kiswahili kina neno hilo tayari. Mzizi -tegemea umezaa maneno matatu yanayogombania Nakivale: utegemezi, ambalo ni lawama, kujitegemea, ambalo limekuwa agizo, na kutegemeana, ambalo ni maelezo ya kinachotendeka. Kiambishi cha kutendana, -an-, kinahitaji watendaji zaidi ya mmoja, na hakimruhusu yeyote kati yao kujitoa. Mkimbizi yumo, mwenyeji wa Isingiro yumo, tajiri wa lori wa Mbarara yumo, na mfadhili aliye mbali yumo pia. Sera inayosema kujitegemea inawapa watatu hao ruhusa ya kuondoka sentensini.

6.0 Nadharia isiyo na mwandishi

Wakimbizi hawakungoja wanafikra hawa ili wapate msamiati wa uchumi. Kila jamii iliyofika Nakivale inatoka katika utamaduni wenye jina lake la kuchanga fedha kwa zamu. Mkongo analo neno likelemba. Mnyarwanda anasema ikimina. Msomali ana ayuuto. Mtanzania angesema upatu, na Mkenya angeita kikundi hicho chama. Majina ni tofauti, lakini kanuni ni moja: kila mwanachama hutoa, na kila mwanachama hupokea kwa zamu yake.

Utaratibu huu ni nadharia kamili, ingawa haujachapishwa Oxford. Unajua kwamba mtaji wa mtu mmoja hautoshi. Unajua kwamba dhamana ya maskini ni jina lake jema kwa wenzake. Zaidi ya yote, una sharti ambalo sera hulisahau: anayepokea leo lazima awepo kesho ili atoe. Likelemba haiwezi kuendeshwa na watu wasiojua kama mwakani watakuwa hapo. Akiba ya zamu inadai muda, na muda unadai hakika ya kukaa. Kwa hiyo hata katika mchango mdogo wa kina mama wauza mboga, swali la uchumi linaishia katika swali la makazi ya kudumu.

Hapo ndipo kazi ya Betts na Collier inapopungukiwa, na Mamdani anapoikamilisha. Wao wanaonyesha jinsi mkimbizi anavyozalisha. Yeye anauliza nini kitatokea siku wenyeji watakapoona kwamba kilichozalishwa kinapendeza. Ibara ya 12 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inamnyima haki ya kusajiliwa kuwa raia mtu aliyezaliwa nchini humo ikiwa mzazi wake, au hata babu au bibi yake, alikuwa mkimbizi. Katika makazi yaliyoanzishwa mwaka 1958, mjukuu si mfano wa kufikirika. Yupo, analima, na bado ni mgeni wa siku ya tatu.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonyesha kwamba kujitegemea si neno moja lenye maana moja. Kwa Nyerere lilikuwa dai la wengi, ingawa utekelezaji wake ulisaliti hiari yao. Katika sera ya wakimbizi limekuwa wajibu wa mmoja. Mamdani anatukumbusha kwamba mali isiyo na uraia huporwa, na Mbarara ni shahidi wake mara mbili. Betts na wenzake wametoa ushahidi wa thamani, lakini unastahili jina jingine.

Kuna pendekezo moja la kiutendaji kwa watafiti wa Kiswahili. Uganda inakipa Kiswahili nafasi inayokua: ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika mji wa Mbarara, ambako wazee wanakikumbuka kama lugha ya kambi ya jeshi na ya vita vya mwaka 1979, sasa kinarudi kwa njia ya soko. Nyaraka za wakimbizi zitaendelea kutafsiriwa kwa lugha hii. Mfasiri anapokutana na dhana ya kujitegemea, asiridhike na kulinganisha neno kwa neno; aulize kwanza ni nani anayetakiwa kujitegemea, na ni nani anayesamehewa. Pale ambapo matini inaeleza biashara, ajira na michango inayowaunganisha wakimbizi na wenyeji, aandike kutegemeana.

Methali nayo haihitaji kutupwa. Mgeni na apewe jembe siku ya tatu, kama desturi inavyotaka. Lakini jamii inayompa jembe inajifunga kwa ahadi, na siku ya nne ahadi hiyo hudaiwa. Katika Nakivale siku hiyo imechelewa zaidi ya miaka sitini.